Aliyejifungia Ndani

Mashine ilikataa tena. Héritier alibonyeza kitufe cha kuandika, kiduara kikazunguka weee kwenye skrini, kisha maneno yaleyale mekundu yakarudi: haiwezekani kuandika, dawa hii inatumiwa na mtu mwingine.

"Tena?" aliuliza Mama Philomène, mtunza depo ya dawa ya Kabondo.

"Tena."

Mlangoni alisimama Jafari, kofia ya pikipiki mkononi. Binti yake Nyota aliumwa na nyoka asubuhi shambani, upande wa barabara ya Yangambi, na sasa alilala hospitalini, mguu umevimba hadi pajani. Dawa ya sumu ilikuwa humohumo depo, katika chumba cha baridi nyuma ya kiti cha Philomène.

"Mama, unipe tu dawa. Mambo ya mashine mutaandika kisha."

"Papa Jafari, hata mimi niko na watoto." Philomène aliushika ufunguo shingoni, akauachia. Mtu aliyekalia kiti hicho kabla yake alitoa dawa bila mashine kukubali, na hadi leo anakula fufu ya gereza. Kwa hiyo wote wawili wakamtazama Héritier.

Héritier alikuwa fundi hodari, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Programu hiyo aliiweka kwa mikono yake, depo na katika kila hospitali inayochukua dawa hapo. Juu ya kila kompyuta alibandika karatasi ya herufi kubwa: MASHINE IKIULIZA OUI AO NON, USIBONYEZE KITU. PIGIA HÉRITIER KWANZA. Hiyo ni baada ya bwana mmoja kubonyeza OUI, yaani ndiyo, bila kusoma na kufuta kwinini yote ya depo. Vidonge vilijaa rafuni, lakini kwa mashine havikuwepo, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Tangu hapo karatasi ya Héritier iliogopwa kuliko barua ya gavana.

Simu yake ilitetemeka mezani. Aliigeuza kifudifudi bila kuitazama.

"Pokea basi, labda ni bibi yako," alisema Philomène.

"Angojee. Nikiwa kwa kazi sipokeake simu." Akamgeukia Jafari. "Bon, papa, sikia. Hii iko sawa na choo ya parcelle, ile ya wapangaji wote. Mutu akiingia, anajifungia ndani, wengine wote wanangojea inje. Sasa kwa hii dawa yako, kuko mutu ameingia, hajamalizana na mashine, hatoki."

"Ni nani?"

"Huyo njo natafuta."

Mashine ilionyesha jina moja tu, PHARMACIE, na jina hilo Héritier mwenyewe aliwapa watu wote walitumie, ili wasichoshe vichwa vyao kukariri. Basi akazima kompyuta ya Philomène, akaiwasha. Akaenda kuzima ya mapokezi. Ya mhasibu aliing'oa waya kabisa, mhasibu akabaki analalamika kwa Kifaransa. Maneno mekundu hayakutikisika. Akawaandikia wakubwa wa Kinshasa wanaotunza mashine kuu. Walijibu kwamba aliyefunga ndiye afungue. Wao hawavunji mlango bila ruhusa ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko ndani ya ndege.

Simu ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Jafari alisogea kando ya meza, akakaa taratibu sakafuni, mgongo ukutani. Hakulia. "Anaogopaka sindano," alisema. "Nilimuambia nitamushika mukono."

Héritier aliona aibu, na aibu yake, kama kawaida, ilitoka kwa mlango wa hasira. Alipiga meza kwa kiganja.

"Kuko mujinga moja amekaa mbele ya mashine, anakunywa chai! Mutoto wa watu anakufa, yeye anaangalia tu! Nikimukamata, leo atanijua!"

Simu ikaanza tena. Safari hii ilitetemeka hadi ukingoni mwa meza, ikaanguka miguuni pa Jafari. Jafari akaiokota, kidole chake kikagusa kioo, na sauti ya mwanamke ikajaa chumbani, imekauka kwa uchovu.

"Papa Héritier? Ah, Mungu, enfin! Ni Solange, infirmière wa hospitali, niko hapa kwa kitanda ya Nyota. Niliomba dawa ya nyoka kwa mashine tangu asubuhi, ikaniuliza OUI ao NON. Nakupigia, nakupigia, hupokee. Lakini sijagusa kitu, papa, karatasi yako iko hapa mbele ya macho yangu. Mutoto bado anapumua. Nibonyeze?"