Dishi la Kuonwa

Bwana Shebe aliukata waya wa kebo kwa kisu cha jikoni, akautupa uani kwa jirani yake, Mama Rukia, ambaye mtaa mzima ulivuta kebo kutoka kwake.

"Kebo ni ya makapuku!" alisema, makusudi asikike.

Fundi alimfungia dishi nyuma ya nyumba, juu ya choo, na picha ikaja bila chenga hata moja. Lakini huko nyuma nani angeliona? Fundi alipoondoka tu, Shebe, mtu mzima na mvi zake, akapanda ngazi, akalihamishia mbele na kuligeuza lielekee barabarani.

"Baba Nuru, picha imepotea!" mkewe, Zaituni, aliita kutoka ndani.

"Kwani wapita njia wanaona picha? Wanaona dishi."

Zaituni alijitanda kanga, akaenda kwa Mama Rukia kuangalia tamthilia.

Jioni watu walipita, wakalitazama dishi, wakalisifu. Shebe alikaa sebuleni peke yake, mlango wazi, mbele ya televisheni iliyoandika "Hakuna mawimbi." Kicheko kilipolipuka ng'ambo ya ukuta, cha Zaituni kikisikika kuliko vyote, naye akacheka kwa nguvu, akiwa amechelewa kidogo.