Flashi Yenye Plasta

Mfumo mpya wa Linux ulipomaliza kuingia kwenye kompyuta ndogo ya shangazi, nilichomoa flashi nikajisifu: "Sasa itakimbia! Mafaili ya zamani yote nimeyafuta. Si uliyahifadhi?"

"Tangu jana, kama ulivyoniambia."

Shangazi ni mkunga mstaafu. Humo kwenye kompyuta mlikuwa na majina ya watoto wote aliowapokea kwa miaka thelathini, mimi nikiwemo.

"Basi nipe flashi yako niyarudishe."

"Si hiyo uliyoishika?"

Nikaigeuza. Kulikuwa na kipande cha plasta, kimeandikwa kwa kalamu: WATOTO WANGU.

Asubuhi niliiokota mezani kwake, nikaifuta bila kuichungulia, nikatia Linux.

Shangazi alikuwa keshavaa miwani, anavuta kiti.

"Haya mwanangu, nifungulie niwaone."