Ufito wa Lukumbi

Furukombe, yule tai mla samaki, akiwa na makinda hushambulia kitu kilicho juu kuliko vyote. Ndiyo maana Nyamizi, mwongoza wageni wa hifadhi ya kinamasi, humpa kila mgeni ufito wa kuinua juu ya kichwa kabla ya kupita chini ya kiota.

Asubuhi ile mgeni alikuwa Lukumbi, mwenye mabwawa ya samaki ng'ambo. Mwezi uliopita alimwaga kwenye matete samaki aliowatia sumu ili kuwaua furukombe. Furukombe dume alifia mikononi mwa Nyamizi; jike akabaki na makinda.

“Nasikia amebaki mmoja,” Lukumbi alisema. “Mkali?”

“Hana neno, mzee. Mume wake ndiye aliyekuwa mkali.”

“Na hizo fito mbili?”

“Za kupimia matope. Tangulia tu, njia ni kavu.”

Lukumbi akatangulia. Chini ya mti alisimama, akavua kofia na kuinua darubini, akimtafuta ndege matawini. Kivuli kilikuwa kimeshaanza kuvuka maji, kikimjia kwa nyuma. Nafasi ya kupiga kelele ilikuwepo bado.

Nyamizi alizibana fito zote mbili kwapani, akanyamaza.