Meno ya Stata

Wazazi walilalamika kuwa stata inayowasha injini ya gari la shule inapiga kelele, dereva Laurenti akalipeleka gereji Chumbageni. Yeye mwenyewe hakuwa amezisikia kelele hizo.

Fundi Abdulghani alimwonyesha meno ya stata yalivyolika. "Mzee, kuna mtu anapiga stata injini ikiwa imeshawaka," alisema kwa sauti kubwa.

"Gari hili naliendesha mimi tu!" Laurenti aling'aka.

Fundi akafunga stata mpya, akawasha injini, akashuka bila kuizima. Laurenti akapanda, akazungusha ufunguo. Chuma kikakwaruza chuma. Gereji nzima ikageuka. Yeye hakusikia kitu; alihisi mtetemo tu vidoleni.

Ndipo akaelewa.

"Usimwambie tajiri wangu," akaomba.

Abdulghani akamwinamia sikioni. "Mwanangu anapanda gari hili, mzee." Akanyoosha mkono apewe ufunguo.