Siku Akina Ngwini Walipobeba Kokoto

Wasimuliao husema kwamba kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu, meli ilikuja ikazoa uduvi wa ghuba nzima kwa wavu mpana, hata kinda la Mama Ngwini likaanza kukonda. Wanyama wakamwendea nahodha.

"Nitaiacha ghuba hii mpaka makinda yakue," akasema, "lakini mkubaliane nyote. Mmoja akikataa, naendelea."

Wote walikubali isipokuwa Shakwe, mlafi aliyezoea makombo ya meli.

"Bahari haina mlango, mama," alidakia. "Utaifunga kwa nini, kwa huo mdomo?"

"Mwanangu ana njaa, Shakwe."

"Mfundishe kufunga saumu!"

Mama Ngwini akameza hasira. Alikwenda kwenye kiota chake cha kokoto, akaokota moja, akaanza kuibeba. Wenzake wakaokota zao wakamfuata.

"Safari ya wapi tena?" Shakwe akauliza.

"Tunahama. Baki na meli yako."

Shakwe akaduwaa. Makombo yalikuwa kionjo tu. Mlo wake hasa ni mayai anayowaibia akina Ngwini kila msimu. Wakihama, atamwibia nani? Akaruka mbio hadi melini.

"Nahodha, nimekubali! Ondoka, baba, ondoka sasa hivi!"

Meli ikaenda zake. Shakwe akarudi akihema. "Sasa hamhami tena, dada yangu?"

"Tuhamie wapi?" Mama Ngwini akasema, akilifunika kinda lake. "Watoto hawa hawajajua hata kuogelea. Umetuibia miaka yote hiyo, na hilo hulijui?"