Pumzi Ishirini

Mkono wa mzee wa kitanda namba saba ulikuwa wa baridi, na vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye ukingo wa shuka. Nilivuta shuka. Haikutoka.

Saa moja kabla, nilikuwa nimesimama miguuni pake nikaandika kwenye kadi: pumzi ishirini kwa dakika. Sikuhesabu. Wagonjwa arobaini, wauguzi wasaidizi wawili. Kila mtu tunampa ishirini, maana ishirini haileti maswali. Nilidhani amelala, nikapita kwa kunyata nisimwamshe.

Lakini maiti haikakamai hivi kwa saa moja.

Binti yake aliingia na chupa ya chai. Kama kila asubuhi, alianza na kadi, akafuata mstari kwa kidole.

“Ishirini,” alisema, mabega yakamshuka. “Afadhali. Jana nilimwacha ana hali mbaya, dada, sikupata hata lepe la usingizi. Mungu akubariki kwa kumwangalia.”

Nilikuwa bado nimeushika ule mkono. Nilifungua mdomo.

“Shh,” alininong'oneza, akivuta kiti taratibu. “Tusimwamshe.”