Simu ya Corbett

Corbett alikuwa bandani akimkata kondoo manyoya kwa mashine, mara dada yake Orla akaingia mbio na simu mkononi. Miaka kumi Corbett alikuwa amecheza kandanda ya Kiaustralia, ile ya mpira wenye umbo la yai, katika ligi za mashambani, wala timu kubwa hazikuwahi kumuulizia.

“Kaka, ni kocha wa jijini,” Orla alisema akihema. “Mshambuliaji wao kaumia. Wanakutaka Jumamosi.”

“Mwambie nakaribia thelathini.”

“Anajua. Amesema ubebe viatu tu.”

Corbett akaiachia mashine, akanyoosha mkono kuipokea simu. Kondoo akamponyoka, ubavu mmoja mweupe na mwingine bado na manyoya, akatoka mlangoni. Corbett akamkimbilia huku akicheka, na mashine ikabaki ikinguruma sakafuni.